Mstari Ambao Masalu Hakuuandika

Barua ilifika Jumatano, na jina la Masalu halikuwamo.

Aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Sista Bernadeta, katibu wa hospitali; mara ya pili akitembea kwenye ujia wa kuelekea chumba cha seva; mara ya tatu akiwa amejifungia ndani. Ilikuwa barua ya mistari sita. Ilisema kwamba seva inayosimamia nyingine imechakaa, kwamba kazi yake itahamishiwa mahali pengine, kwamba mtaalamu atatoka ofisi kuu kule Bukoba kuja kuifanya kazi hiyo, na kwamba atasaidiwa na wafanyakazi waliopo. Masalu alitazama kulia na kushoto katika chumba kile chembamba chenye baridi. Mfanyakazi aliyekuwapo alikuwa yeye. Sasa kama ni yeye, si wangemtaja? Mtu haandiki "waliopo" ila ameshajua kwamba kesho hawatakuwapo.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Aliingia hospitali ile ya Igogo, iliyojengwa ngazi kwa ngazi juu ya miamba, akiwa fundi umeme. Mgonjwa wa wodi ya juu huliona ziwa zima. Wa wodi ya chini hulipata kwa harufu tu. Masalu alizijua wodi zote kwa swichi zake. Alibadilisha taa, akalea jenereta, akafungua na kufunga mashine za kufulia, mpaka mwaka alipokuja mtaalamu mmoja wa kujitolea na masanduku manne ya seva. Mtaalamu yule alikaa miezi mitatu. Alimfundisha Masalu kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekubali kukaa kwenye baridi ile kutwa nzima, kisha akaenda zake. Cheti cha kazi hiyo Masalu hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni daftari lenye jalada jeusi na vidole vinavyokumbuka.

Seva tatu kati ya zile nne zilikuwa na nguvu, na kila moja ilibeba ndani yake kompyuta nyingine ambazo mtu hawezi kuzishika wala kuzifuta vumbi. Wenyewe huziita mashine pepe. Moja ilikuwa ya mapokezi, moja ya maabara, moja ya duka la dawa, moja ya picha za eksirei, na nyingine saba. Seva ya nne haikubeba mtu mgongoni. Yenyewe ilisimamia: hii iwashwe, hii iongezewe nafasi, hii ihamie kwa jirani maana huku kumezidiwa. Masalu alizipa majina ya visiwa. Zile tatu aliziita Ukara, Kome na Maisome. Msimamizi akaiita Ukerewe.

Na kwa Ukerewe Masalu alijipatia sifa. Umeme ukikatika, hospitali nzima ilijua kwamba Masalu atakuja. Awe kazini, awe kwake Mkolani anakula, awe kanisani, atapanda bodaboda, ataingia kwenye chumba chake, atakaa humo robo saa, kisha atatoka akifuta mikono na kusema, "Tayari." Sista Bernadeta alimtolea mfano kwenye kikao cha wafanyakazi. Manesi walimwita Ngosha, kama wanavyoitwa wanaume wa Kisukuma, lakini walilitamka kwa namna ya kumpa cheo.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Ukerewe haikuhitaji kuwashwa. Mwaka wa pili, akiwa amechoshwa na safari, Masalu aliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayoonekana kabla kompyuta haijaamka vizuri, akaiagiza: umeme ukirudi, jiwashe. Tangu siku hiyo ilijiwasha. Alichokuwa akienda kufanya humo ni kukaa nayo, akizitazama taa zake za kijani zikirudi moja moja. Hakukusudia uongo. Mara ya kwanza Sista alimshukuru kabla hajapata nafasi ya kueleza, na mara ya pili maelezo yalikuwa yameshachelewa. Baada ya hapo shukrani zilikuja zenyewe, kila umeme ulipokatika, naye akazizoea kama mtu anavyozoea sukari.

Jioni ile mkewe Selina alikuwa barazani na cherehani yake, akishona sare za shule.

"Kwa hiyo, Baba Queen," alisema bila kuinua macho, "barua imesema unafukuzwa?"

"Haijasema."

"Imesema unapunguziwa cheo?"

"Haijasema hivyo pia."

"Sasa imesema nini?"

"Ndiyo hiyo. Haijasema."

Selina akakata uzi kwa meno. "Wewe unagombana na barua kwa yale isiyoyasema. Siku ikija karatasi tupu si utahama nyumba."

"Wanaleta msomi."

"Wamlete. Ulitaka walete mjinga?"

Msomi alifika Jumanne iliyofuata, akishuka ngazi za Igogo na mkoba mgongoni. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, Odeta Kashaija, mrefu, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, mzee Masalu."

"Marahaba." Akaiacha hapo. Hakuuliza safari, hakuuliza nyumbani, hakuuliza mvua za Bukoba. Kwa Msukuma, huko ni kumfungia mgeni mlango huku umeushikilia wazi kwa mkono.

Odeta alisubiri kidogo. "Safari ilikuwa ndefu, lakini nimefika salama," akajijibu mwenyewe. "Na nyumbani hawajambo." Kisha akainama mbele ya seva. "Kumbe Ukerewe ndiyo hii."

"Nani amekwambia jina?"

"Limebandikwa hapa mbele, mzee."

Lilikuwa limebandikwa kweli, kwa herufi kubwa, kwa mkono wa Masalu mwenyewe. Hata hivyo hakupenda namna alivyolisoma, kama mtu anayesoma kibao cha nyumba aliyokuja kuinunua.

"Nywila zake anazijua nani?" Odeta aliuliza.

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Mimi."

"Ukiugua?"

"Siugui."

"Ukisafiri?"

"Sisafiri."

"Na siku ukifa, mzee wangu?" Aliliuliza kwa upole, akicheka kidogo, kama wanavyotaniana watu wanaoelekea kuzoeana. Masalu hakucheka. Alilibeba swali lile mpaka Mkolani, akamwekea Selina mezani.

"Ameniuliza nikifa."

"Ukamjibu hufi?"

"Nilinyamaza."

"Angalau hapo hujadanganya," Selina akasema, akaenda kupakua ugali.

Siku ya pili Odeta alimweleza kazi yenyewe. Ukerewe ilikuwa na miaka kumi na miwili. Kati ya diski zake tatu mbili zilikuwa zimekufa, jambo ambalo Masalu alilijua kuliko yeyote. Odeta asingenunua seva nyingine ya kuibadilisha. Angeuchukua usimamizi wote, pamoja na jina na anwani yake ya kwenye mtandao, na kuuhamishia ndani ya mashine pepe, ndani ya zilezile tatu zinazosimamiwa.

Masalu aliliwaza jambo lile akalikuta halina miguu. "Yaani mchungaji aingie zizini, alale na ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Na zizi likiungua?"

"Kuna mazizi matatu, mzee. Moja likiungua atahamishiwa la pili, ng'ombe wakiwa naye. Sasa hivi mchungaji wako analala peke yake nje, na ni mgonjwa."

"Na akiwa ndani amesinzia?"

"Ng'ombe wanaendelea kula. Hata leo Ukerewe ikizimika, mapokezi wanaandikisha wagonjwa kama kawaida. Kinachokosekana ni wa kuwapanga tu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtia Masalu wasiwasi zaidi. Mtu anayekosea unaweza kumngoja. Anayepatia kila mara amekuja na mpango uliokamilika. Akaanza kumchunguza. Aliona anapiga picha nyaya za nyuma, waya kwa waya. Kwa nini picha, ikiwa mwenye nyaya yupo? Aliona anapima upana wa chumba kwa hatua. Na Alhamisi mchana alimsikia ujiani akiongea na simu kwa Kihaya, lugha ambayo Masalu hakuijua hata salamu, na katikati ya maneno yale likapita jina lake: "Ta Masalu." Mara mbili. Kisha kicheko.

Siku hiyohiyo akamletea fomu. Juu yake iliandikwa Taarifa ya Makabidhiano.

"Andika kila unachokijua kuhusu seva hizi," Odeta alimwambia. "Hata kile unachokiona kidogo. Mwisho uweke sahihi na tarehe."

Masalu aliitazama karatasi ile bila kuigusa. Katika hospitali ile alikuwa ameona taarifa ya makabidhiano mara moja tu. Mzee Alexander wa stoo aliandikishwa kama hiyo mwezi Machi. Aprili wakamnunulia soda na shuka mbili, wakapiga naye picha mbele ya mapokezi. Tangu hapo stoo ina mtu mwingine.

Aliandika siku mbili. Aliandika kwa uaminifu kuliko alivyodhani angeweza, maana kazi ilipomwagika kwenye karatasi ilimpendeza macho: nywila katika bahasha iliyofungwa, ratiba za nakala, hali ya diski, swichi ipi inapatwa na joto. Aliandika kurasa tisa. Alipofika kipengele cha kumi na nne, kalamu ikasimama. Kiliuliza: Umeme ukikatika na kurudi, seva hii huwashwaje?

Masalu alikaa na swali hilo muda mrefu. Akiandika ukweli, sifa zake za miaka kumi zinafutika kwa mstari mmoja, na kwa mkono wake mwenyewe. Tena watu wenyewe ndio hawa waliomwita "waliopo." Wamechukua nywila, wamechukua picha, wamechukua yote ya daftarini. Kitu kimoja kibaki kwake, msumari mmoja tu wa kutundikia shati. Akaandika: Huwashwa na Masalu.

Odeta alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Alipofika hapo akauliza, "Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Akaandika kitu kidogo pembeni kwa penseli, akageuza ukurasa.

Kazi ilifanyika Jumapili baada ya misa ya pili, saa ambayo hospitali hupumua polepole. Odeta alikuwa na orodha, akiitia alama hatua baada ya hatua, na kila hatua alimsomea Masalu kabla ya kuitenda, jambo ambalo Masalu alilitafsiri kuwa ni kutafuta shahidi. Saa tatu zilipita taarifa zikinakiliwa kutoka kwa ile ya zamani kwenda kwa mpya. Kisha Odeta akaizima Ukerewe. Feni zake zikapunguza mwendo, zikanyamaza, na chumba kikabaki na ukimya ambao Masalu hakuwahi kuusikia humo. Ndani ya Kome, mahali pasipoonekana, ile mpya ikaamka, ikachukua jina lilelile na anwani ileile, na zile seva tatu zikaitambua kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ya zamani tutaiacha hapa wiki mbili," Odeta alisema. "Ikitokea shida tunarudi nyuma. Kitu kimoja tu: zisije zikawaka zote mbili kwa pamoja. Jina moja, anwani moja, zitagombana." Akafunua ile fomu, akatafuta mstari kwa kidole. "Kwa kuwa haijiwashi yenyewe, hakuna haja ya kuchomoa nyaya. Au unaonaje, mzee?"

Hapo Masalu alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, wala yasingechukua pumzi mbili. Lakini ukweli ungeanguka juu ya karatasi yenye sahihi yake.

"Sawa," akasema. "Tuiache."

Jumanne saa nne asubuhi umeme ulikatika Igogo nzima. Jenereta ikanguruma baada ya muda mfupi. Ukara, Kome na Maisome hazikujua kitu, kwa sababu zilikuwa na betri mpya za akiba. Betri ya Ukerewe ya zamani ilikufa siku nyingi.

Wakati huo Odeta alikuwa ofisini kwa Sista Bernadeta akimwonyesha kazi kwenye kompyuta yake ndogo, na Masalu alikuwa ameitwa awepo. Sista, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa akiuliza maswali mazuri. Ghafla orodha ya seva ikawa nyekundu. Odeta akaandika nywila, ikakataliwa. Akairudia, ikakubaliwa, lakini orodha iliyofunguka ilikuwa ya kabla ya Jumapili. Akaifungua tena, ikawa mpya. Akagusa kitu, ikakataa kabisa.

"Mwanangu," Sista akasema, "hii ndiyo mpya?"

"Ndiyo, Sista."

"Ya zamani haikuwahi kunifanyia hivi."

Masalu alihisi kitu chepesi kikimpanda kifuani, na kilikuwa furaha. Alilijua hili. Alilisema tangu mwanzo, hata kama alilisema moyoni. Kisha furaha ikajikunja, ikawa shaka nyingine: labda Odeta amevuruga kwa makusudi ili amtupie yeye lawama. Akaomba ruhusa akaenda kuangalia.

Alipofika mlangoni hakuhitaji kuingia. Aliijua sauti ile kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani kwake. Feni za Ukerewe zilikuwa zikivuma. Taa zake zote za kijani zilikuwa zimerudi, na seva iliyokaa siku mbili ikiwa imezimwa ilikuwa imeamka, imekumbuka kazi yake, na sasa ilikuwa inawaita Ukara, Kome na Maisome kwa sauti ya mwenye nyumba, wakati mwenye nyumba mwingine anawaita kwa jina lilelile kutoka chumba cha ndani. Ilifanya kile alichoiagiza. Ilikuwa imemtii miaka kumi na ilimtii leo.

Akabonyeza kitufe, akakishikilia mpaka feni zikanyamaza. Akachomoa waya wa umeme. Akakaa kidogo, kwa mazoea. Kisha akarudi ofisini.

"Imetulia," Odeta alisema, macho kwenye kioo. "Umefanya nini?"

"Nimegusagusa waya tu."

Sista Bernadeta akaegemea kiti. "Si nilisema? Niliwaambia kule Bukoba, mkimwondoa Masalu mtajuta. Mmeona wenyewe."

Kumbe lilikuwa limesemwa. Kumbe wiki mbili zile hakuwa anaota. Masalu alisimama katikati ya ofisi akiwa ameshinda, na hakuna aliyejua ameshinda nini.

Odeta alifunga kompyuta yake taratibu. "Sista, siwezi kuondoka Alhamisi nikaacha kitu kinachoyumba nisijue kwa nini. Humo kuna majibu ya damu za watu. Kesho tutarudi kwenye ile ya zamani. Nitaandika kwamba kosa ni langu."

"Hata kama hulijui?"

"Mimi ndiye niliyehamisha."

Masalu alitoka akashuka mpaka chini ya wodi ya wazazi, kwenye mwamba ambapo wafanyakazi hula chakula cha mchana. Alijaribu kuwa na furaha. Kesho Ukerewe itawashwa, msichana atarudi kwao na ripoti ya aibu, na yeye atabaki na chumba chake, baridi yake na shukrani zake. Itawashwa ikiwa na diski moja. Itakwenda miezi mitatu, labda mitano. Na siku diski ile itakapokufa hakutakuwa na msomi wa kulaumiwa.

Odeta akaja na chapati kwenye karatasi, akaketi hatua chache kutoka kwake. Alimega kipande kimoja tu.

"Alhamisi ulikuwa unanisema kwenye simu," Masalu alisema, akitazama ziwa.

"Nani, mimi?"

"Kwa Kihaya. Ta Masalu, Ta Masalu. Ukacheka."

Odeta alifikiri, akakumbuka. "Nilikuwa naongea na mama. Aliniuliza nafanya kazi na nani. Nikamwambia kuna baba mmoja anajua kila waya kwa jina, lakini hacheki hata umtekenye. Ta ni heshima, mzee. Kwetu mtu mzima huwezi kumwita hivihivi."

Masalu aliyapima maneno hayo upande huu na upande ule, akitafuta mahali yalipopinda.

"Sijui nimekosea wapi," Odeta akaendelea, sasa kama anajisemea. "Nimerudia hatua zote. Kilichotokea kingetokea kama ya zamani ingewaka. Na haiwezi kuwaka, maana haijiwashi."

Anajua, Masalu akawaza. Amejua tangu asubuhi, anachofanya ni kunivuta polepole kama mtu anayevuta kamba yenye samaki mzito, nijitoe mwenyewe. Akamtazama usoni. Uso ulikuwa wa mtu aliyechoka, wenye unga wa chapati kidevuni. Labda anajua, labda hajui. Kwa vyovyote, kesho mtu huyu ataandika kosa ambalo si lake, na ataliandika kwa mwandiko mzuri.

"Hujakosea," akasema.

Odeta akageuka.

"Inajiwasha. Niliipanga mimi, miaka kumi iliyopita. Umeme ukirudi inajiwasha."

Odeta akaitoa chapati, akaiweka juu ya mwamba. Kisha akaikunja karatasi ya chapati mara mbili, mara nne. "Kamwambie Sista," alisema. "Mimi nikimwambia, atadhani nakusingizia."

Sista Bernadeta alimsikiliza akiwa amevua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, na Masalu hakuweza kuyasoma.

"Miaka mingapi?"

"Kumi, Sista."

"Na zile siku ulizokuja na mvua?"

"Nilikuwa nakuja."

"Kufanya nini?"

"Kukaa nayo."

"Kukaa nayo." Sista aliyarudia maneno yale kama anayeonja dawa. "Bwana Masalu, siku ya mafuriko ulipita barabara imejaa maji. Mimi nilikuwa kanisani nakuombea."

"Najua, Sista."

"Sala zangu zilikwenda wapi?"

Sista hakungoja jibu. Alivaa miwani, akavuta faili kutoka kwenye kabati, akaliweka mezani bila kulifungua.

"Karipio litaingia humu, kwa maandishi. Na nikuambie hili ili usiendelee kulitafuta kwenye barua. Bukoba waliniuliza: ujuzi wa pale uko kwa mtu au uko kwenye karatasi? Nikawajibu uko kwa mtu. Wakasema basi mtu huyo ni hatari, akianguka ngazi hospitali inaanguka naye. Ndipo wakamtuma Odeta. Nilikutetea kwa mdomo huu." Akaligonga faili kwa kidole. "Sasa itakutetea ile fomu. Alhamisi asubuhi nitaisoma mimi mwenyewe, mstari kwa mstari, Odeta akiwa pembeni. Ikiwa ya kweli yote, utabaki hapo ulipo, na ufunguo wa pili wa chumba cha seva utakaa kwangu. Ikiwa na mstari mwingine kama ule, utarudi kwenye jenereta."

"Nimeelewa, Sista."

"Nenda."

Jumatano mchana walikaa chumba cha seva, fomu ikiwa katikati yao juu ya boksi la karatasi. Masalu alichora mstari juu ya yale maneno matatu ya kipengele cha kumi na nne, si kwa kuyafuta kabisa, kwa kuwa Odeta alimwambia makosa kwenye fomu hukatwa na kutiwa sahihi, hayafichwi. Pembeni bado kulikuwa na ule mwandiko mdogo wa penseli. Masalu aliinama akausoma, safari hii kwa karibu. Ulisema: anakaa Mkolani – nauli yake?

"Ulitaka kufanya nini na nauli yangu?" aliuliza.

"Kuomba urudishiwe, mzee. Nilidhani miaka yote unakuja kwa fedha yako."

"Nilikuwa nakuja kwa fedha yangu."

"Basi hapo hukudanganya," Odeta akasema, akachukua kifutio.

Masalu akaandika chini: Hujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Imepangwa hivyo na Masalu. Kabla ya kuistaafisha, chomoa waya. Akatia sahihi, akatia tarehe. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyevuliwa koti hadharani, na baridi ya chumba kile, aliyoikalia miaka yote, ikamfikia kwenye mifupa.

Odeta aliusoma mstari ule, akautia alama. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Kuna kingine?"

Masalu alimtazama. Huenda Sista ndiye aliyemwambia aulize. Huenda swali lilikuwa kwenye fomu, pale chini kabisa, kwa herufi ndogo. Aliitazama fomu, halikuwapo. Aliutazama mlango, ulikuwa wazi, na hakuna aliyesimama nje akisikiliza. Akaifikiria jenereta, kelele yake na moshi wake.

"Kipo," akasema. "Vipo vitatu. Anza kuandika kuhusu kiyoyozi."